Mwalimu wa Udereva Majini

Mjane alikuwa amerudi kazini, na hilo peke yake lilimkera Inspekta. Udongo wa kaburi la mumewe haujakauka, naye yuko ofisini na kalamu sikioni, anamwambia mwanafunzi mmoja mlangoni kwamba mtihani hauahirishwi kwa sababu ya mafua.

Chuo chenyewe cha udereva kilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la matairi. Kuta zilijaa alama za barabarani. Katikati palikuwa na meza pana iliyochorwa mji mzima: barabara kuu, mzunguko, kivuko cha watembea kwa miguu, reli. Juu ya mji huo vilitapakaa vigari vya kuchezea ambavyo rangi yake ilikuwa imebanduka kwa kushikwashikwa na wanafunzi wenye jasho la woga. Mwenye chuo aliitwa Mwalimu tu, na kwa maelezo ya majirani hata marehemu mumewe alimwita hivyo hivyo, akicheka.

"Kaa, Inspekta. Siyo hicho, hicho kina mguu mbovu. Chukua kile."

Inspekta alivuta kile. Alikuwa mwanamke mnene mwenye magoti mabaya, na ngazi za jengo zilikuwa zimempunguzia subira aliyokuja nayo.

"Maelezo yangu nilishayatoa kituoni," Mwalimu alisema.

"Nimeyasikia. Sasa nataka kuyaona."

Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akafagia vigari vyote kando kwa mkono mmoja. Akabakiza vitatu. Alichukua kifutio cha ubao akakisimamisha katikati ya barabara kuu.

"Huu ni mwamba. Chekundu ni yule kijana aliyetuongoza. Cha buluu ni mimi." Cheupe alikiweka nyuma ya vingine bila kukitaja. "Tulikwenda na jetski, zile pikipiki zao za majini, mstari mmoja. Kila tukimaliza kuzunguka mwamba, kijana anasimama, anageuka, anainua mkono. Na kila mteja anainua wake, ajulikane yupo. Hapa akainua. Mimi nikainua. Nyuma kimya. Kugeuka, namwona mume wangu yuko majini, jaketi limembeba, chombo chake kimezimika pembeni yake."

"Alikuwa ameumia?"

"Hapana. Ameanguka tu. Kile kidude kina kamba unafunga mkononi, ukianguka kinazima chenyewe. Kijana akanionyesha kiganja, nisubiri. Sasa nisubiri vipi, Inspekta, mume wangu yuko kwenye maji? Nikageuza."

Kigari cha buluu kilirudi kwa cheupe, taratibu, kikielekezwa na kidole kimoja kilichozoea kazi hiyo.

"Nilipoona nimemkaribia sana, nikafanya anachofanya dereva yeyote mwenye akili timamu. Nikaachia mafuta, nikakata kulia, nikampisha." Kigari cha buluu kikapita kando ya cheupe bila kukigusa. "Hapo hapo huyu mwekundu anatokea nyuma ya mwamba mbio, kama kichaa. Nikatikiswa na wimbi lake. Kugeuka, mume wangu kichwa kimelala upande na maji yamekuwa mekundu."

"Uliona akimgonga?"

"Nimefundisha watu kuendesha tangu wewe hujapata hiyo nyota begani. Nikikuta magari mawili yamegongana, sihitaji kuambiwa nani mkosaji. Mwenye kasi ndiye mkosaji." Alirudisha kifutio ubaoni. "Mnangoja nini kumpeleka mahakamani?"

Hawakuwa wakingoja kitu. Mwendesha mashtaka alitaka jalada mezani kwake kesho asubuhi, na shtaka lilikuwa limeshaandikwa: kuua bila kukusudia. Shahidi bora kuliko mwalimu wa udereva angepatikana wapi? Inspekta alishuka ngazi akiliuguza goti, akakiri moyoni kwamba yule kijana alikuwa amekwisha.

Kampuni ya jetski ilikuwa banda la mabati mwisho wa ufuko, chini ya bango kubwa lililomwonyesha msichana akicheka katika bahari ya buluu. Bahari yenyewe siku hiyo ilikuwa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Mvua nyepesi ilinyesha na kukoma, ikanyesha tena, na hapakuwa na mteja hata mmoja. Bosi alimpokea kwa mwavuli na tabasamu, akamfikisha kwenye jetski zilizopangwa juu ya mchanga.

"Tumeziosha zote, Afande. Sabuni na maji baridi, ndani nje. Usafi kwetu ndio jambo la kwanza."

"Mmeosha ushahidi."

Tabasamu la Bosi lilipungua. "Hakuna aliyenikataza."

Ilikuwa kweli, na aliyetakiwa kumkataza ni Inspekta mwenyewe, kwa hiyo alilimeza. Daktari alikuwa amesema pigo lilikuwa moja, la kitu kipana na butu, upande wa kichwa. Pua za jetski zote zilikuwa pana na butu, na zote zilivishwa mpira mweusi wa aina moja. Alipita moja baada ya nyingine akizipapasa. Bosi alimfuata, kisha akamtangulia, akainama penye ile ya mwisho.

"Na hii ndiyo ya kijana wetu. Tazama hapa. Mkwaruzo mbichi. Mimi simsemi mtu vibaya, lakini yule anapenda kuwaringia wateja, kona kali, maji juu. Nimemwonya mara ngapi sijui."

Mkwaruzo ulikuwepo, mrefu, chini ya pua. Inspekta alichuchumaa, goti likalia, akapitisha ukucha ndani yake. Ulitoka na punje za jiwe na kipande cha ganda la chaza.

"Alimpeleka wapi majeruhi?"

"Alimpandisha mwambani amfanyie huduma ya kwanza."

"Basi mkwaruzo umetoka mwambani. Kichwa cha mtu hakina maganda ya chaza, Bosi. Yuko wapi mwenyewe?"

Alikuwa nyuma ya banda, ameketi juu ya dumu lililopinduliwa, anakunja kamba ambayo ilikuwa imeshakunjwa vizuri. Ufuko mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilowapigia wateja kelele kutwa nzima. Alikuwa nje kwa dhamana. Mkewe alikuwa amemchukua mtoto akarudi kwao mpaka jambo liishe, na kwa jinsi alivyokonda, hakuna aliyekuwa akimpikia.

"Nipeleke," Inspekta alimwambia. "Safari nzima kama mteja. Usinipunguzie kitu."

"Leo, Afande? Bahari imechafuka."

"Imechafuka au imenuna?"

"Imenuna," Taratibu alikubali.

Alimvisha jaketi, akaingia majini mpaka kiunoni, akamwonyesha. Hapa pa kuwashia. Hii kamba mkononi. Hiki kishikio chini ya kidole cha kulia ndiyo mafuta: ukivuta kinakwenda, ukiachia kinapoa. Breki hakina. Alisema na jambo jingine, lakini Bosi alikuwa akijaribu injini nyingine hapo karibu kwa makelele, na Inspekta alitikisa kichwa tu kama mtu aliyesikia.

Waliondoka. Ufuo uligeuka majabali, marefu na meusi, maji yakitiririka kwenye nyufa zake. Taratibu alikuwa akisimama mara kwa mara kumngoja, na kila aliposimama mdomo wake ulifanya kazi bila yeye kutaka, maana maneno yale alikuwa ameyasema mpaka yakamzoea. Ule pale ni Kiti cha Bibi, ukitazama vizuri utaona mgongo. Lile ni Pua la Mzee. Wateja hupenda kupiga picha hapa. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo, kisha akainua mkono, na Inspekta akainua wake.

Baada ya Pua la Mzee mawimbi yalikuwa yakigonga jabali na kurudi, na bahari ikawa inasukumana yenyewe kwa yenyewe. Hapo ndipo marehemu alipoangushwa. Inspekta alitupa jicho kuitafuta ile alama nyeupe ya mavi ya ndege ambayo Taratibu aliitaja kituoni. Akaiona. Aliporudisha macho mbele, jiwe lilikuwa pale, limetoka majini kiasi cha urefu wa mbwa.

Alifanya ambacho angefanya barabarani. Aliachia mafuta, akakata usukani wote kushoto.

Usukani ulikubali. Jetski haikukubali. Iliendelea mbele vilevile, imenyamaza, usukani umekunjwa hadi mwisho, na jiwe likazidi kukua.

"Vuta!" Taratibu alipiga kelele. "Vuta mafuta!"

Nani avute mafuta akielekea jiwe? Kidole chake kilikataa. Jetski ililipiga jiwe ubavuni, ikaruka, na Inspekta akajikuta chini ya maji yenye baridi ya kukata meno, kisha juu, akikohoa, kamba ikining'inia mkononi mwake.

Taratibu hakumjia moja kwa moja. Alizunguka kwa nje, mbali, akaja kwa upande wa chini, akasimama kando yake kwa utulivu mkubwa. Alimshika jaketi mgongoni akampandisha.

"Samahani, Afande. Nilikuambia pale ufukoni."

"Niambie tena."

"Hiki hakina magurudumu. Kinachokigeuza ni yale maji kinayoyasukuma nyuma. Ukiachia mafuta, hakisukumi. Usukani unabaki wa kuchezea. Ukitaka kukwepa kitu lazima uvute mafuta ukikata kona. Wageni wote hukosea hapo. Na madereva wa magari ndio hukosea zaidi, maana mguu wao umeshafundishwa kinyume."

Inspekta alikaa nyuma yake akitetemeka. Maji yalimchuruzika masikioni. Alikuwa akiona kigari cha buluu kikipita kando ya cheupe bila kukigusa. Nikaachia mafuta, nikakata kulia, nikampisha. Nusu ya kwanza ya maneno yale ilikuwa imeiua nusu ya pili, na hakuna mtu kituoni aliyeona, yeye akiwa wa kwanza.

"Ulimfundisha Mwalimu hili?"

"Nilimwambia. Akasema yeye ndiye anayefundisha watu kuendesha, nimwonyeshe tu pa kuwashia. Mumewe akacheka, akasema tumwache Mwalimu. Nikamwacha." Alipangusa uso ambao mvua iliulowesha tena papo hapo. "Ningeng'ang'ania. Ile ndiyo kazi yangu, kung'ang'ania."

"Kuna kitu hukusema kituoni. Nini?"

"Nilipotokea nyuma ya mwamba nilihisi kitu chini yangu. Kishindo. Nikiwa nimelala nakihisi. Mke wangu aliniuliza, ni wewe? Nikashindwa kumwambia siyo mimi, akafunga mizigo. Afande, kama ni mimi, niambie ni mimi. Nitakwenda jela. Ila hii ya kutojua itanimaliza."

Inspekta alimwambia arudi ufukoni, na kwamba jioni haitafika kabla hajajua.

Mwalimu aliitwa arudie safari ile. Alikuja alasiri, amevaa nguo nyeusi, na hakusita. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba apewe jetski ile ile. Inspekta angeweza kumweleza yote kwa mdomo, palepale mchangani, akiwa ameshikwa bega. Lakini mtu aliyefundisha nusu ya mji kuachia mafuta asingekubali kwa maneno kwamba kuachia mafuta ndiko kulikoua, na wakili angelipigia kelele jambo hilo mpaka lionekane hila ya polisi. Ilikuwa kazi mbaya, na Inspekta aliifanya akijua ni mbaya.

Sajini wake alikuwa ametangulia na boti ya mpira. Chini ya ile alama nyeupe alitupa majini jaketi lililofungwa juu ya gunia la mchanga na madumu matupu, likaelea wima, nusu juu nusu chini. Taratibu aliwekwa mbele, alipokuwa siku ile. Mwalimu aliwekwa kati. Inspekta alikuwa ndani ya boti ya Sajini, amejifunga blanketi, na hakuwa na haraka ya kuanza.

"Usifikiri," alimwambia Mwalimu. "Fanya ulivyofanya."

"Nilifanya sawasawa," Mwalimu alijibu. "Mtaona."

Taratibu aliinua mkono. Mwalimu aliinua wake, akageuka, akaliona gunia. Kwa kitambo alikaa bila kutikisika. Kisha akageuza jetski na kuja.

Alikuja vizuri, mgongo wima, macho mbele. Alipokaribia, sauti ya injini ilikatika, akalalia kulia kwa mwili wote, usukani wote, kwa mtindo safi ambao ungempa mwanafunzi yeyote alama zote. Jetski ikaenda mbele. Ililipanda lile jaketi, ikalizamisha kwa kishindo kimoja kizito, ikalipita. Jaketi liliibuka nyuma yake likizunguka polepole.

Taratibu alitokea nje ya mwamba wakati huohuo, mbali kabisa na jaketi, kwenye duara lake pana. Alikata wimbi lililoachwa na Mwalimu, na chombo chake kikadunda juu yake kwa kishindo alichokijua. Alisimamisha injini hapo hapo. Aliitazama nafasi kubwa iliyokuwa kati yake na jaketi, akalaza paji la uso juu ya usukani.

Mwalimu hakumwona. Alikuwa anatazama nyuma.

"Rudisheni pale pale," alisema.

"Mwalimu, inatosha," Inspekta alisema.

"Mwanafunzi akikosea anarudia. Rudisheni."

Sajini alimtazama Inspekta. Inspekta alitikisa kichwa kukubali, maana hakuwa na haki ya kumkatalia. Jaketi likarudishwa. Mwalimu alikuja tena, safari hii akijua anakoelekea, na kila mtu aliona jinsi alivyopigana na ule usukani, meno yameumana. Taratibu alimpigia kelele avute mafuta. Kidole cha Mwalimu kilikaa mbali na mafuta, wazi, mahali kilipokaa maisha yake yote ya kazi. Gunia lilikwenda chini yake kwa kishindo kilekile.

Hakuomba mara ya tatu. Alikaa juu ya jetski iliyozimika, mvua ikimnyeshea, na wimbi likaanza kumsogeza jabalini kidogo kidogo. Boti ilimfikia. Inspekta alishika ukingo wa jetski yake kwa mkono, akaushikilia.

"Kilikuwa hicho hicho," Mwalimu alisema. "Huo mtikisiko. Nilisema ni wimbi lake."

"Najua."

"Nimemtukana kijana wa watu mbele ya mkewe. Nilikwenda mpaka nyumbani kwake, unajua? Nilimwambia yule dada anaishi na muuaji."

Inspekta hakuwa anajua. Taratibu alikuwa amesogea na kamba ya kuvutia, macho mekundu, naye aliyasikia maneno hayo. Aliifunga kamba kwenye pua ya jetski ya Mwalimu kwa mafundo yale ya kila siku, akayakagua moja moja.

"Jalada nitaliandika upya leo," Inspekta alisema. "Ajali. Hakuna atakayekushtaki. Lakini lazima nikuulize, kwa sababu nitaulizwa. Kuna kitu chochote kingine ambacho hujanieleza?"

Mwalimu alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila alipoulizwa.

"Kuna kimoja. Sikukisema kwa sababu niliona hakihusu mambo ya ajali," alisema. "Nilipokuwa naenda kwake aliinua mkono juu, akawa anautikisa hivi, kiganja kikinielekea. Nikajua ananipungia, ananiambia yuko salama." Aliuangalia mkono wake wa kulia, ule wa mafuta. "Na mimi nikampungia."